Odi Kwanza: Kusaidiana Bila Kuvuana Nguo

Maneno yaliyotolewa kwa jina la komite katika mkutano wa wanachama, Mashamba, Kolwezi. Tumeyaandika hapa kwa ajili ya wale hawakuweza kufika.

Wale waliotoka Luilu, Kapata na Musonoi, pole ya njia. Tutajaribu kusema kwa kifupi, maana jua ni kali na wengine wanaingia kazi mchana huu.

Neno letu la leo ni hili: mutuele inaweza kujua nini juu ya mwanachama, na inaweza kusema nini juu yake mbele ya wengine? Mnajua shauri liko mezani. Wanachama fulani wameomba kwamba kila mwezi majina ya watu waliosaidiwa yasomwe mkutanoni, pamoja na sababu ya msaada, na foto ya yule anayepokea itiwe katika kikundi chetu cha WhatsApp. Wanasema: pesa ni ya wote, basi wote waone. Wengine wamejibu: kama ni vile, sisi hatutaomba kitu hata siku moja. Kura itapigwa mkutano ujao. Mbele ya kura, tuongee vizuri, kwa sababu neno hili linatugusa sisi wenye kurudi kuliko watu wengine.

Kwa nini sisi? Kwa sababu kila mmoja wetu ameishi chini ya desturi mbili au tatu za mlango. Kati yetu wako waliotoka Zambia, upande wa Solwezi, Chingola na Kitwe. Wako waliotoka Johannesburg. Wako waliotoka Ubelgiji, Brussels na Liège. Wengine walirudi kwa mapenzi yao, na makilo ya mizigo. Wengine walipandishwa ndege na nguo ya mwilini tu. Wote tulijifunza huko namna ya kukaa na watu, na sasa tunakaa hapa.

Wale wa Zambia hawakuhangaika sana. Huko mtu anasimama inje, anaita "Odi!", anangoja, mpaka amejibiwa "Kalibu". Neno ni lile lile letu. Johannesburg ni mambo mengine: kuta ndefu, waya wa umeme juu, na mgeni anapiga simu kabla ya kufika. Brussels ni kengele mlangoni na majina yamepangwa pembeni yake. Kama hukupatana na mtu, hashuki. Jirani mnakutana kwenye ngazi miaka mitatu, "bonjour" na "bonsoir" tu, na hujui kama ana watoto.

Mwanzoni wengi wetu tulisema: hawa watu hawana moyo. Kisha, tuseme kweli, tulionja utamu wake. Hakuna anayekuuliza kwa nini hujazaa. Hakuna anayeuliza unalipwa ngapi, ama jana ulilala wapi. Mtu alipumua. Lakini ukapata homa siku nne, na hakuna aliyebisha. Njo pale tulijua bei ya ule utulivu.

Iko jambo lingine ambalo wengi hawalitaji wanapohadithia Bulaya. Ule mlango wa Ubelgiji haufungwi kwa kila mtu. Ukienda kujiandikisha komuni, polisi wa kartie anakuja kuangalia kama kweli unalala pale ulipoandika. Ukiomba msaada kwa ofisi ya CPAS, mtumishi wa ofisi anafanya uchunguzi: anaweza kuja nyumbani, anauliza unaishi na nani na pesa inatoka wapi. Na yule aliyeomba ukimbizi anaanza maisha katika kituo, kama kile cha Petit-Château cha Brussels, kilichopokea wakimbizi tangu 1986, ambako mtu analala chumba kimoja na wasiojuana naye. Kwa ufupi, huko jirani hajui kitu na ofisi inajua yote. Kwetu ofisi mara nyingi haijui hata unakaa lupango gani, lakini avenyu yote inajua jana mlikula bukari na nini.

Kwa hiyo tusidanganyane kwamba wazungu wana siri na sisi hatuna. Kila watu wana pazia. Tofauti ni pale wanalitundika, na nani ana ruhusa ya kulifunua.

Wataalamu wamepima mambo haya. Mmarekani Edward T. Hall, katika kitabu chake cha 1966, aligawa nafasi ya mtu kwa hatua nne: ya mapenzi, mpaka karibu sentimetre 45, ya rafiki, mpaka metre 1 na sentimetre 20 hivi, ya kazi, mpaka metre 3 na zaidi, na ya mbele ya watu wengi. Lakini yeye mwenyewe alitazama zaidi Wamarekani. Mwaka 2017 watafiti wengine walichapisha kazi iliyofanywa katika nchi 42, na watu karibu 9,000. Wengi wetu tungefikiri Waafrika wote wanapenda kubanana. Haikuwa vile. Waganda walikuwa kati ya wale waliotaka mgeni asimame mbali zaidi, kupita metre moja. Waargentina, ambao si Waafrika, ndio walimkubali mgeni karibu zaidi. Basi kubanana katika taksi si desturi ya mababu. Ni ukosefu wa taksi.

Na sisi hapa, je? Tuangalie vizuri, tutaona pazia zetu ni nyingi. Mgeni anapokelewa kwenye baraza. Wengine wanafika saloni. Chumbani hawafiki, na mtoto haketi juu ya kitanda cha baba yake. Kwa makabila mengi ya kwetu mukwe hakai karibu na mama mkwe, hali naye sahani moja, na wakikutana njiani mmoja anapisha. Ile ni nafasi kubwa kuliko metre zote za Hall, na haikuandikwa na mtu. Mimba haitangazwi mapema. Mgonjwa tunasema tu "hajisikii muzuri", na mwenye akili haongezi swali. Ile "odi" yenyewe ni sheria: unaita, unangoja, wa ndani anafunga kitambaa, anaficha anachotaka kuficha, kisha anasema "karibu". Anayeingia bila odi tunamwita jina gani? Mnalijua.

Lakini tukumbuke pia kwamba katika mji huu wa mgodi, pazia zetu zilishikwa na mikono mingine. Wakati wa ukoloni, nafasi kati ya watu ilikuwa sheria ya serikali. Elisabethville, Lubumbashi ya leo, waliacha kipande cha ardhi tupu kati ya mji wa wazungu na cité ya weusi. Ile haikuwa heshima kwa mtu. Ilikuwa dharau iliyopimwa kwa metre. Kisha Union Minière, tangu 1928, ilianza kutaka mfanyakazi akae miaka mingi na alete bibi na watoto. Ilijenga kambi, ilitoa nyumba na posho. Posho ilihesabiwa kufuatana na jamaa: bibi, watoto. Basi aliyekupa chakula alipaswa kuhesabu vichwa mu nyumba yako. Kazi ikiisha, na nyumba imeisha. Mwaka 1967 Serikali ilichukua kampuni, jina likageuka mpaka likawa Gécamines, lakini wazee wetu wengi waliendelea kulala katika nyumba ya kazi, si nyumba yao.

Mnaona pale tunapofika? Kampuni ilitoa posho, ikapata ruhusa ya kuhesabu vichwa. Ofisi ya Ubelgiji inatoa msaada, inapata ruhusa ya kuingia. Kila anayesaidia anataka kuchungulia. Sasa mutuele yetu, iliyozaliwa na watu waliohesabiwa na kuchunguliwa kila mahali, itafanya sawa vile?

Tutarudi kwenye swali lile. Lakini kwanza tusemezane juu ya ukuta, maana ni lawama inayotupata kila siku.

Mwenye kurudi akipata pesa kidogo, ananunua lupango, anajenga ukuta, anatia mlango wa chuma. Ndugu wanasema: "Huyu, tangu atoke Bulaya, anakuwa muzungu. Anajifunga." Wengine wanafika mbali zaidi, wanaanza kuuliza anaficha nini, na maneno ya namna ile mnajua yanaishia wapi.

Ukuta una sababu zake, na Kolwezi yote inazijua. Mwaka 2014 habari ilienea kwamba chini ya Kasulo kuna kobalti. Watu walichimba katika malupango, wengine mpaka ndani ya nyumba. Shimo la jirani lilipita chini ya chumba chako, na sheria ya migodi ya 2002 inasema mali ya chini ni ya Serikali, si yako mwenye lupango. Mwaka 2017 mkoa ulihamisha jamaa nyingi na sehemu ya kartie ikazungushwa ukuta. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven walionyesha kwamba vumbi la mgodi lilikuwa mpaka ndani ya nyumba, na watoto wa Kasulo walikuwa na kobalti nyingi katika mkojo. Basi kutaka nafasi kati ya kitanda chako na kazi ya mwingine si majivuno. Inaweza kuwa afya ya mtoto.

Kinachowaumiza ndugu si matofali. Kinachowaumiza ni kuita odi nusu saa bila kujibiwa, ama kujibiwa na mlinzi: "Patron anasema mpige simu kwanza." Mama mdogo wako aliyetoka Kapata kwa mguu hana uniti za simu. Kwa hiyo shauri letu kwa wenye kuta ni jepesi. Fungeni chumba, msifunge lupango. Chagueni masaa, kwa mfano jioni mbili kwa juma, mlango uwe wazi na viti viwe kwenye baraza. Aliyechoka aseme "nimechoka, mje kesho" kwa mdomo wake mwenyewe, asitume mlinzi. Mtu wa kwetu anasamehe mlango uliofungwa na mwenye nyumba. Hasamehi kutoonekana kama mtu.

Na kwa ndugu waliobaki, wanaosoma gazeti hili: iko swali moja linalotuchoma kuliko yote. "Ulirudi namna gani?" Ukiwa na mizigo, swali ni "ulituletea nini?" Ukiwa huna, ni "walikufukuza?" Wako watu hapa kati yetu ambao walipita katika kituo cha kufungia watu, kama kile cha 127bis cha Steenokkerzeel, karibu na uwanja wa ndege wa Brussels, mbele ya kupandishwa ndege. Mwenye kutaka kuhadithia, tutamsikiliza mpaka usiku. Asiyetaka, mwacheni. Ndiyo maana kuingia katika mutuele hii kunadai kitu kimoja tu: kwamba ulikwenda na umerudi.

Sasa turudi kwa shauri la mezani. Wale wanaotaka majina yasomwe si watu wabaya. Wanaogopa wizi, na wana haki. Kila mmoja wetu amesikia habari ya likelemba iliyokufa kwa sababu mwenye kushika pesa alisema "nilimsaidia mgonjwa", na mgonjwa hakuonekana. Lakini tujiulize: kusoma jina la mama fulani na ugonjwa wake kunazuia wizi namna gani? Anayeiba anaweza kusoma jina la uongo. Wizi unazuiwa na hesabu, na watu wawili watatu walioangalia kwa macho yao. Hauzuiwi na masikio mia moja.

Tena mambo hayafanani. Kilio ni cha watu wote. Hapo desturi yetu wenyewe inaweka meza, kaye na kalamu, na kila mchango unaandikwa na unaweza kusomwa. Arusi ni vile vile, na kuzaliwa kwa mtoto. Haya ni mambo ya barazani. Lakini ugonjwa, deni, ugomvi wa bwana na bibi, namna mtu alivyorudi: haya ni ya chumbani. Shauri la mezani linachukua mambo ya chumbani, linayatendea kama kilio. Mtu bado mzima, anasomwa kama maiti.

Sheria ya inchi yetu nayo inasema. Katiba ya 2006, katika mufungo 29, inalinda nyumba ya mtu, na katika mufungo 31 inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake ya ndani na siri ya mawasiliano yake. Sheria ya 2008 juu ya watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI inalinda siri ya mgonjwa. Mutuele haiko juu ya Katiba.

Na foto? Foto ikiisha kutoka kwenye simu moja, haiitwi tena irudi. Saa moja iko Kolwezi, saa ya pili iko Liège, kwa shemeji ambaye ulimwambia uko salama. Mtoto wako ataiona miaka kumi mbele: mama yake ameshika mfuko wa unga, watu wawili wa komite wanacheka pembeni.

Wazee wa hapa wanakumbuka Jamaa, ile ya Padri Placide Tempels, iliyoanza hapa Kolwezi miaka ya 1950. Bwana na bibi walifunguliana mioyo, na kufungulia wengine pia. Lakini mafundisho yalikwenda hatua kwa hatua, na mtu alifunguka kwa mapenzi yake, kwa yule aliyemwamini. Hata mtu asiyekuwa wa Jamaa anaweza kuchukua fundisho hapo: moyo unafunguliwa na mwenyewe. Hautozwi kama kodi.

Basi komite inaleta mbele yenu shauri la pili, mlipime na lile la kwanza.

Kwanza, hesabu iwe wazi yote. Kila mwezi isomwe: pesa ngapi iliingia, ngapi ilitoka, watu wangapi walisaidiwa, wangapi kwa ugonjwa, wangapi kwa chakula, wangapi kwa masomo. Hesabu wazi, majina ndani.

Pili, kila ombi litazamwe na wawili, si mmoja na si kumi. Mwenye kuomba achague mmoja wao. Kama ni mama, na akitaka, wawili wote wawe wamama. Wakifika waite odi, wangoje, wakae pale wanapokaribishwa. Hawafungui sanduku, hawahesabu vitanda, hawaulizi bwana analala wapi.

Tatu, mkutano uchague wakaguzi watatu wasio wa komite. Hao tu, pamoja na mwandishi, wanafungua kaye ya majina. Wakiona uongo, watauleta mkutanoni. Mwenye kusema inje yale aliyoyasoma, anatoka katika kazi ile siku hiyo hiyo.

Nne, kilio, arusi na kuzaliwa vibaki wazi kama desturi.

Tano, hakuna foto ya mwenye kupokea bila yeye kukubali, na "hapana" yake haiulizwi sababu.

Wengine watasema: kwa njia hii mutu mwongo atapita. Mmoja anaweza kupita, ndiyo. Lakini pimeni upande wa pili pia. Kwa njia ya majina, mwongo hatasikia haya; atasomwa na kucheka. Anayesikia haya ni mgonjwa wa kweli, mjane wa kweli, kijana aliyerudi mikono mitupu. Huyo njo atabaki nyumbani na ugonjwa wake, analipa mchango kila mwezi kwa mutuele asiyothubutu kuiomba. Mutuele inayosaidia tu watu wasiokuwa na haya, tuliianzisha kwa nini?

Kaye ya maoni iko kwa mwandishi mpaka siku ya kura. Asiyejua kuandika amwambie mtu wa komite, ataandikiwa, na jina lake halitatiwa kama hataki. Pesa ya mutuele ni ya wote. Maisha ya mwanachama ni yake.

Tuonane siku ya kura, na kila mmoja aje na jirani.